Kapita Asiyepanda Kilima

Assani,

Salamu nitakupa mwishoni, kama zitakuwa zimebaki. Kwa sasa sina. Nimekasirika tangu Jumapili, na nimechoka kukasirika kimya kimya, nikikupakulia wali huku nimekaza midomo kama mtu mwenye jino bovu. Umevuka mto kwenda Alunguli kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua shangazi yako hatakuachia mpaka jua lishuke. Basi nimefunga meza yangu ya mchele mapema, nimeketi hapa uani na daftari lako la zamani la jiografia, naandika nyuma ya ramani ulizochora ukiwa shule. Naandika kwa sababu nikisema unanijibu. Karatasi utaisoma mpaka mwisho, utake usitake.

Unaitwa jina la baba yangu. Njo maana hata nikipandisha hasira namna gani siwezi kukutukana, ningekuwa namtukana marehemu. Mshukuru babu yako.

Sitakuambia habari za chandarua, wala za maji ya kunywa, wala za kupanda pikipiki ya mtu aliyelewa. Hayo umeyasikia tangu una meno ya maziwa na hujawahi kuyafuata, na bado uko hai, kwa hiyo Mungu ana mpango wake na wewe. Nataka tuzungumze Jumapili.

Jumapili mgombea wenu wa urais alifika Kindu. Sisemi uongo, nilijisikia vizuri. Nilivaa kikwembe changu kipya, kile cha ndege wa bluu, nikawaambia wenzangu wa sokoni kwamba kijana atakayesimama kando ya mgombea na mikrofoni ni wangu. Walikuchagua kwa sababu unajua kusema, na kweli unajua. Nilijua kwamba juma hili mnaondoka pamoja, Tunda kwanza, kisha vijiji vingine, kisha Kinshasa, ambako wamekuahidi kazi. Nikasema moyoni, haya, mtoto amekua.

Akasema mgombea wenu. Mawee, mama yangu, alisema! Daraja juu ya Lualaba mwaka wa kwanza. Barabara ya Kasongo mwaka wa pili. Gari la moshi kila juma, umeme Kindu nzima, hospitali, vyuo. Kila jambo na mwaka wake. Hakukwama hata mara moja, hakukohoa, hakumtazama mtu yeyote wa kando yake kumuuliza kitu. Nilikuwa nimekaa chini ya jua, na nikaanza kusikia baridi mgongoni, maana sauti ile nilishaisikia zamani kwa mtu mwingine. Nitakuambia ni nani.

Mlipotangaza kwamba mwenye swali ainue mkono, nikainua. Nikapewa mikro haraka, nadhani kwa heshima yako. Nikamuuliza, "Papa, katika haya yote uliyotuambia, ni lipi bado hujui utalifanya namna gani?"

Watu wakacheka. Yeye akatabasamu, akafungua mdomo ajibu. Na wewe, Assani, ukashuka ngazi mbili, ukaitoa mikro mkononi mwangu, ukawaambia watu, "Mama yetu ameguswa na furaha. Tumpe mwingine nafasi." Wakapiga makofi.

Ameguswa na furaha! Tangu Jumapili naitafuta hiyo furaha uliyoiona. Nimeangalia hata chini ya kitanda.

Nyumbani ukanipandia juu. Ukasema nimekuaibisha mbele ya wakubwa, kwamba swali kama lile ni mtego, kwamba kiongozi akisimama jukwaani haifai aonekane hajui. Ukamalizia, "Mama, siasa si msafara wa baiskeli." Ulijua unachosema, maana unajua nilitembea na misafara ya baiskeli wakati wa vita. Lakini unajua nusu tu. Nilikupa ile nusu inayonipendeza, ya mama aliyebeba chumvi kichwani na mgongoni mpaka Tunda ili mtoto wake ale. Nusu ya pili sijakupa kwa sababu si nzuri. Leo utaipata.

Ulikuwa umeanza kusimama kwa kushika ukuta. Treni ilikuwa imelala, majani yameota katikati ya reli, na watu waliokimbia vijiji vyao walikuwa wanapika ndani ya mabehewa. Kwenye mto hakuna boti iliyothubutu kwenda mbali. Mwenye shamba nje ya barieri ya mwisho ya askari alikuwa hana shamba. Chumvi na sabuni zilifika mjini kwa ndege, chakula kilibaki vijijini, na kati yao ilikuwa njia moja tu, ya miguu. Basi watu wakasukuma. Baiskeli haikupandwa, ilipakiwa mizigo mpaka haionekani tena, ikafungwa fimbo kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti, mwanaume akaisukuma kwa ubavu siku nzima. Sisi wanawake tulibeba vikapu, kamba kwenye paji la uso. Hakuna aliyekwenda peke yake. Ulikwenda kwa msafara, na msafara ulikuwa na kapita wake, ndiye aliyezungumza na wenye bunduki kwenye barieri, aliyeamua tulale wapi, tuvuke saa ngapi, tumngoje nani.

Na kapita hakuchaguliwa hivi hivi. Kulikuwa na desturi. Aliyetaka kuwa kapita alipewa baiskeli ya mtu mwingine, imejaa, naye aisukume kutoka bandarini mpaka juu, pale kilima kinapokutana na barabara ya kituo cha reli. Sisi tuliosafiri tulisimama kando kumtazama. Wakati ule nilidhani tunatazama nguvu zake.

Katika msafara wetu walijitokeza wawili. Mmoja aliitwa Amisi, mtu mfupi, mwenye kigugumizi na uso wa kununa, aliyekwisha kwenda Tunda na kurudi mara nyingi. Tulimuuliza ni siku ngapi. Akahangaika na maneno mpaka tukamwonea huruma. "Si-sijui. Mvua iko. Mto iko. Sijui." Kisha akaanza kutuchosha na maswali. Nani aliumwa juma hili? Tairi ya nani imeshonwa? Huyu mwenye mimba atabebewa na nani? Tukaguna.

Wa pili alikuwa Mwalimu Feruzi. Alifundisha shule ya msingi, shati lake lilikuwa jeupe hata katika vita, sijui sabuni aliitoa wapi. Alikuwa amechora njia yote kwenye karatasi. Siku nne, alisema. Siku ya kwanza tunalala hapa, ya pili hapa, ya tatu tunavuka, ya nne tunakula wali Tunda. Kila kitu na siku yake. Njia ile alikuwa hajaikanyaga hata siku moja, na alitueleza wazi kwamba hajaikanyaga, na sisi hatukujali. Baada ya miezi ya kuambiwa subirini na hatujui, kumsikia mtu anasema siku nne kulikuwa kutamu kuliko sukari.

Amisi akakipanda kilima. Katikati baiskeli ikamrudisha nyuma, akaiegemeza kwenye mguu, akamwita mwenye mzigo aje wapunguze gunia moja, akapanda, akashuka kulifuata gunia. Ilichukua muda na watu wakapiga miayo. Zamu ya Mwalimu ikafika. Akaitazama baiskeli, akacheka, akasema, "Kilima kinapandwa kwa miguu, ndugu zangu, lakini msafara unaongozwa kwa kichwa." Yalikuwa maneno mazuri. Tukacheka wote, na mtu wa kwanza kupiga makofi nilikuwa mimi.

Si makofi tu. Nilikuwa na umri wako wa sasa na mdomo wako wa sasa. Niliwazungukia wanawake mmoja mmoja, nikawaambia huyu Amisi atatufikisha Tunda wakati wa kiama. Rafiki yangu Asha, ambaye mume wake Djuma alikuwa na baiskeli katika msafara, akaniuliza, "Zaina, uko na hakika?" Nikamjibu mia kwa mia. Asha akawaambia wengine, Zaina ana hakika. Mwalimu akawa kapita bila kupanda kilima.

Siku mbili tulikwenda tukiimba. Mwalimu alitembea mbele, fimbo mkononi, na kwenye barieri alisema vizuri sana, lazima nimpe haki yake, askari walitupitisha kwa sababu ya Kifaransa chake. Siku ya tatu mvua ikatukamata. Djuma alikuwa na homa. Alikuwa nayo tangu Kindu, lakini hakuna aliyemuuliza, na mwanaume hasemi naumwa mbele ya wenzake wanaoondoka. Akaanza kubaki nyuma. Makapita wa zamani walitembea mwisho wa msafara, kwa sababu anayeanguka haanguki mbele. Wetu alikuwa mbele anatafuta mto, maana siku ya tatu ilikuwa ya kuvuka.

Asha akaacha kikapu chake njiani akanikimbilia. "Mwambie Mwalimu asimame. Wewe atakusikia."

Nikaenda mbele. Mwalimu alinisikiliza huku anatembea. Akasema tukisimama leo hatutafika siku ya nne, na watu watasema nini? Djuma ni mwanaume, atatukuta jioni. Nikamtazama usoni, Assani, na nikaona kwamba anaogopa. Nataka ulishike hili kuliko yote. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyesema siku nne mbele za watu, na sasa zile siku nne zilikuwa zinamtembeza yeye. Nami niliyeona hivyo ningeweza kutua kikapu changu chini nikapiga kelele, wanawake wote wangesimama, kwa sababu wanawake walikuwa wananifuata mimi. Sikutua. Nilirudi kwa Asha nikamwambia, "Mwalimu anajua kile anafanya."

Nilisema hivyo kwa sababu Mwalimu akiwa amekosea, mimi nimekosea, na wote walijua nani alipiga makofi ya kwanza. Hiyo ndiyo sababu yote. Nimeitafuta nyingine iliyo nzuri zaidi tangu una mwaka mmoja, sijaipata.

Amisi aliegemeza baiskeli yake kwenye mti, akarudi nyuma peke yake. Alimkuta Djuma asubuhi, kando ya njia, amelala na mkono wake ungali kwenye fimbo ya usukani. Hakuwa ameshusha hata gunia moja. Alimzika na watu wa kijiji cha karibu, akatufikia kwenye mto, akampa Asha kofia ya mume wake. Mto wenyewe ulikuwa umejaa, ulitungojesha siku mbili. Tunda tukaingia siku ya sita. Hata zile siku nne, Assani, hatukuzipata.

Kurudi tulimchagua Amisi, na usidhani alikuwa malaika. Alitutukana. Alitusimamisha kila dakika kuhesabu vichwa, baiskeli moja aliipoteza kwenye maji kwa uzembe wake, na akakiri mbele yetu wote kwamba ni uzembe wake. Siku saba tulitembea, na mimi nikinung'unika kama wengine. Tulifika wote.

Mwalimu Feruzi alisukuma baiskeli kama wengine katika safari ile, na baada ya vita akarudi darasani. Mzigo wa kifo cha Djuma watu waliuweka juu yake, naye akaubeba mpaka alipokufa. Hakuna aliyeniwekea mimi hata kidogo. Asha alibaki Tunda kwa ndugu zake. Unajua ule mchele mpya unaofika kila mavuno, ule wa punje fupi unaoupenda, unaosema unanukia kuliko ninaouuza? Unatoka kwake. Kila mwaka, tangu wakati ule, bila neno moja. Nimemrudishia vikwembe, nimemrudishia sabuni. Neno sijarudisha.

Sasa unaelewa kwa nini nilimuuliza mgombea wenu vile. Miaka ilipita ndipo nikaelewa kilima kile kilikuwa cha nini. Hatukutazama nguvu. Baiskeli lazima ikurudishe nyuma pale katikati, kila mtu ilimrudisha, na hapo ndipo ulimjua mtu. Alimfokea mwenye mzigo? Alijifanya anapumzika? Au alisema imenishinda, njoo tupunguze? Mimi nilitaka tu kumwona wenu ikimrudisha kidogo.

Jumapili ile nyumbani wewe ukasema yuko tayari. Nikakuuliza kabla ya sasa aliongoza nini. Ukaniambia makampuni. Vizuri. Na waliofanya kazi chini yake, wangerudi tena kwake? Hujui. Siku alipokosea, aliwaambia nini? Ukasema hajawahi kutaja kosa. Mtoto wangu, hata mimi muuza mchele nimekwisha kukosea mara mbili leo, na jua bado liko juu. Nikakuuliza katika watu anaotembea nao, nani anaweza kumwambia simama, naye akasimama? Hapo ndipo ukaniambia siasa si msafara wa baiskeli, ukaenda kupiga pasi shati lenye picha yake.

Na kinachonichosha zaidi ni hiki. Pengine ni mzuri. Kweli, pengine ni bora kuliko wote waliotupitia hapa na daraja lao la mdomoni. Alikuwa amefungua mdomo! Pengine angesema, mama, daraja sijui, nitawatafuta wanaojua, na mimi ningecheza pale pale na kikwembe changu cha ndege. Sasa sitajua. Anataka kubeba nchi nzima, na wewe unamwokoa na swali la mama yako. Umemvusha kilima kwa makofi, kama nilivyomvusha Mwalimu. Kuuliza si ujinga, tulikufundisha hivyo tangu hujui kuvaa suruali.

Ninajua ulikoitoa tabia hii. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Njo maana hasira yangu haiishi, kwa sababu kila nikiitupa kwako inanirudia. Sikiliza basi. Watu wa Tunda hawamjui mgombea. Watakujua wewe. Watasikia Kiswahili cha kwao, wataona kijana anayefanana na watoto wao, watasema huyu ana hakika. Mizigo yao wataipakia juu ya neno lako. Yeye akianguka atapanda ndege. Wewe itabidi uendelee kupita njia hizi, kula mchele wa watu hawa, miaka na miaka.

Sikukatazi kwenda. Wewe si mtoto tena, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami guu langu nilikwisha kulivunja bila kumsikia mtu. Nakuomba kitu kimoja tu, na hiki usinijibu.

Mkifika Tunda, Asha atakuja. Wanaoniletea mchele wake wanasema anakuja kwenye kila mkutano, anakaa mbele kabisa kwa sababu sikio moja limekufa. Ni mrefu, na anafunga kitambaa cheupe. Kabla hamjaanza, shuka, mwamkie kwa magoti kama ulivyolelewa, umwambie wewe ni mtoto wa Zaina wa Kindu. Kisha, muda wa maswali ukifika, mpe mikro yeye wa kwanza. Pengine atauliza habari za barabara. Pengine atasimama tu asiseme kitu. Pengine atamtaja Djuma mbele ya wote, na mgombea wenu hataelewa ni nani, wewe peke yako utaelewa. Hata akisema muda mrefu, hata wakubwa wako wakikukodolea macho, mkono wako usiunyooshe. Mwache amalize, na mwache yule mtu ajibu mwenyewe, ikimrudisha nyuma imrudishe. Mtazame vizuri. Baada ya hapo amua mwenyewe kama unaendelea naye Kinshasa. Ukiniambia ndiyo, nitampigia kura bila kuuliza tena, na shati lake nitalivaa sokoni.

Nasikia mtu anacheka njiani, nadhani ni wewe. Nitakunja karatasi hizi niziweke chini ya mashati yako, utazikuta ukifungua begi Tunda.

Salamu nilizokunyima mwanzoni zimebaki. Nilikuwa nazo muda wote. Zichukue zote, usijibakizie hata moja, mpelekee Asha. Mwambie mama anasema alimwona Mwalimu anaogopa. Mwambie mama anasema alipaswa kutua kikapu.

Mama yako,
Zaina